Duka Lisilojua Linachouza

Imani moja imeota mizizi mijini mwetu, na siku hizi inatamkwa kama jambo lililokwisha kuthibitishwa. Inasema hivi: muuzaji mjuzi, yule aliyekuuliza maswali matatu kabla ya kukukatia mita moja ya waya, wakati wake umepita. Mteja wa leo anataka bei ya chini, maelezo yote anayo kwenye simu, na duka kubwa lenye kila kitu litalimeza dogo lenye kitu kimoja. Anayelalamika kwamba kijana wa kaunta hajui anachouza huambiwa anaililia zamani. Kizuri chajiuza, wanasema. Mjuzi wa nini?

Naipinga imani hiyo kutoka mzizi hadi jani. Ujuzi wa muuzaji ulikuwa sehemu ya bidhaa yenyewe. Tulipouondoa, gharama yake haikufutika, ilihamia kwa mnunuzi. Anayeilipa zaidi ni yule asiye na uwezo wa kuilipa: mama wa Chanika au baba wa Kitengela anayejinyima miaka kadhaa kupandisha nyumba ya vyumba vitatu, kisha anagundua baada ya masika mawili kwamba aliuziwa kitu kisichomfaa na mtu ambaye hakujua kwamba hakimfai.

Nitashika duka moja tusije tukazungumza hewani: duka la vifaa vya ujenzi, hadwea. Nyumba nyingi za Afrika Mashariki hazijengwi na kampuni wala kwa mkopo wa benki. Zinajengwa na mwenyewe, kidogo kidogo, tofali mwaka huu na bati mwaka keshokutwa. Mhandisi hayupo. Ramani mara nyingi iko kichwani mwa fundi, na fundi naye alifundishwa na fundi mwenzake. Katika mpango huo, kaunta ya hadwea ndiyo ofisi pekee ya ushauri ambayo mjenzi ataingia bila kutozwa chochote. Akikuta pale mtu asiyejua, hana pengine pa kwenda.

Tazama basi yanayotakiwa kujulikana pale kaunta. Saruji ya daraja la 32.5 na ya 42.5 zote huja kwenye mfuko wa kilo 50, na kwa macho ya mnunuzi zote ni unga wa kijivu. Ya kwanza inatosha kujengea tofali na kupiga lipu; kwa nguzo, mihimili na zege la ghorofa hutafutwa ya pili. Mfuko uliolala stoo yenye unyevu kwa miezi umeshapoteza sehemu ya nguvu zake hata kama haujafunguliwa, na anayejua huupapasa pembeni akisikilizia mabonge. Bati nalo geji yake huhesabiwa kinyume: geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Asiyejua huona namba imepanda na bei imeshuka, akadhani amepata bahati. Akiwa anajenga Kilwa au Malindi, upepo wa chumvi utamwonyesha mapema kwamba hakuipata.

Umeme ndiyo hatari zaidi. Kwa kawaida waya wa milimita za mraba 1.5 ni wa taa, 2.5 ni wa soketi, na jiko la umeme huhitaji mnene kuliko huo. Zipo sokoni nyaya za alumini zilizopakwa shaba juu juu, zinazouzwa kama shaba tupu. Mjuzi hukwangua ncha kwa kisu, akatazama rangi ya ndani na kupima uzito wa roli mkononi. Asiyejua hufungua boksi akasema, "Hii ndiyo inayotoka sana." Sentensi hiyo imekuwa ndio ushauri wetu wa taifa. Kinachotoka sana hutolewa kama jibu la kila swali, kana kwamba wingi wa waliokosea unaweza kumsahihisha anayefuata.

Hakuna elimu ya chuo kikuu katika haya. Kijana mwenye akili ya kawaida atayashika ndani ya mwaka mmoja akikaa karibu na mtu anayeyajua. Ni ujuzi unaofundishika, tena kwa bei ndogo, na ndiyo maana kutokuwepo kwake kaunta hakuna udhuru.

Wa kwanza kunipinga ni mtetezi wa bei. Atasema watu wetu hawana fedha, na ushauri ni anasa ya wenye nacho. Mambo yako kinyume kabisa. Mwenye nacho ana mkandarasi, ana mhandisi, na akikosea atang'oa na kununua tena. Maskini ndiye asiyeweza kununua mara mbili. Kwake, maelezo sahihi kabla ya kulipa ndiyo bima pekee aliyo nayo. Bati jembamba lililotoboka kwa kutu linamdai bati jipya, misumari mipya, siku za fundi na dari iliyoharibiwa na mvua. Weka gharama hizo zote kwenye risiti ya kwanza, ndipo tuzungumze ni duka lipi lilikuwa la bei nafuu.

Mtetezi huyo ataongeza kwamba mteja mwenyewe ndiye aliyechagua bei. Mtu asiyejua kwamba 32 ni nyembamba kuliko 28 hajachagua chochote. Alionyeshwa namba mbili za bei na kuachwa peke yake. Mwambie kwanza kila bati litamfaa wapi na kwa hali gani, kisha mwache aamue. Wapo watakaochukua la bei ya chini hata hivyo, kwa sababu wanaezeka banda la kuku au jiko la nje, nao watakuwa wameamua vizuri.

Mtetezi wa simu ni mgumu zaidi kumjibu, kwa sababu sehemu kubwa ya maneno yake ni kweli. Mafundi wetu wengi wamejifunza mengi kwa kutazama video, na hakuna haja ya kulikana hilo. Lakini simu hujibu ulichouliza, na shida ya mnunuzi kwa kawaida ni kwamba hajui la kuuliza.

Chukua mtu ambaye maji ya kisima chake yako mita 12 chini ya ardhi. Amenunua pampu ya kukaa juu, nayo inanguruma bila kutoa tone. Anaingia kwenye simu kutafuta yenye nguvu kubwa zaidi. Simu inamletea nyingi, na picha, na bei, na mtu wa kumfikishia mpaka mlangoni. Anunue ya mara mbili au mara tano, haitavuta. Pampu inayokaa juu hupunguza tu hewa ndani ya bomba. Kinachoyapandisha maji ni mgandamizo wa hewa iliyoko nje, na mgandamizo huo, hata usawa wa bahari, hauwezi kuyainua zaidi ya mita 10 hivi. Kwa pampu za madukani, ukitoa msuguano wa bomba na viungio vinavyovuja hewa kidogo, ni mita 7 au 8. Ukipanda mpaka Njombe au Limuru, ambako hewa ni nyepesi, kina hicho kinapungua tena. Mtu huyu anahitaji pampu ya kuzamisha kisimani. Muuzaji anayejua kazi yake angemaliza jambo lote kwa swali moja: "Mzee wangu, kutoka pampu itakapokaa mpaka kwenye maji ni mita ngapi?" Mteja hakuwa na swali hilo, na hakuna kisanduku cha kutafutia kinachompa mtu swali asilokuwa nalo.

Watetezi wa simu wamesahau pia jinsi simu yenyewe ilivyoingia maishani mwetu. M-Pesa ilizinduliwa Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka uliofuata, na mpaka leo inatajwa duniani kote kama ushindi wa teknolojia juu ya kaunta. Iliwafikia watu kupitia kaunta. Wakala katika kibanda au duka dogo ndiye aliyemsajili bibi, akamwonyesha menyu, akamweleza kwa nini asimtajie mtu namba ya siri, akamrudishia utulivu pesa ilipochelewa kuingia. Kama mtandao mkubwa kuliko yote tuliyowahi kuijenga ulihitaji mtu wa kueleza katika kila mtaa, kwa hoja gani tunaambiwa kwamba pampu, nyaya na dawa za mimea havimhitaji?

Anabaki mtetezi wa ukubwa, anayesema duka dogo la fani moja litamezwa na kubwa, ndiyo kanuni ya biashara. Kanuni gani? Shoprite iliondoka Tanzania mwaka 2014. Uchumi ilifunga matawi yake ya Tanzania na Uganda mwaka 2015. Nakumatt, iliyokuwa na matawi katika nchi nne za Afrika Mashariki, ilifikia kuvunjwa kwa kura ya wadai wake mwaka 2020. Jumia, duka la mtandaoni, ilifunga shughuli zake Tanzania mwaka 2019. Siwasingizii: kila mmoja alikuwa na sababu zake, na madeni na uendeshaji ndivyo vilivyotajwa zaidi kuliko ujuzi wa wahudumu. Ninachokikataa ni kuambiwa kwamba ukubwa ni majaliwa ambayo mdogo hana budi kuinama mbele yake. Mtaa wa Biashara, Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa jina la Mali ya Abdulla, limekuwa katika biashara ya leso tangu 1887. Limeona wakoloni wakiondoka na maduka makubwa yakija na kwenda. Limedumu katika kitu kimoja, na watu wanakwenda pale kwa sababu ya kitu hicho kimoja.

Kama sababu si bei, simu wala ukubwa, ni nini basi kilichomwondoa mjuzi kaunta? Kwa Tanzania, sehemu ya jibu iko kwenye historia. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, biashara ya jumla na ya kuagiza bidhaa nje ilikabidhiwa mashirika ya umma. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, iliyokusudia maduka ya ushirika yachukue nafasi ya yale ya watu binafsi. Ukafuata uhaba wa mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980: sukari kwa foleni, sabuni kwa kujuana. Katika uhaba hakuna haja ya kujua bidhaa wala kumheshimu mnunuzi. Muuzaji aligeuka mgawaji, na mnunuzi akajifunza kunyenyekea na kushukuru kwa chochote alichopewa. Milango ya bidhaa ilipoanza kufunguliwa mwaka 1984, bidhaa zilirudi kwa wingi. Tabia ya ugawaji ilibaki, na ujuzi uliokwisha kutawanyika haukurudi pamoja na makontena.

Sehemu ya pili ya jibu ni ya leo, na haihitaji historia. Mwenye duka anapotafuta kijana wa kaunta, anatafuta mtu wa kuaminika: mpwa, mtoto wa jirani, kijana aliyeletwa na mchungaji au shehe. Kumtaka mwaminifu ni haki yake. Ila anaishia hapo. Kijana anakabidhiwa droo ya pesa na orodha ya bei, na kazi yake inakuwa kuilinda droo. Hakuna anayemweleza tofauti ya bomba la maji moto na la maji baridi. Akiulizwa swali asilolijua, ana njia mbili tu, kubahatisha au kusema, "Angalia mwenyewe, mama." Lawama yangu haimwendei kijana huyo. Amewekwa mbele ya watu bila silaha, kwa mshahara mdogo, kisha anaitwa mvivu.

Kenya haikupitia Operesheni Maduka, lakini imefika palepale kwa mlango mwingine. Katika maduka makubwa, wengi wa wanaosimama kwenye rafu wameajiriwa na wasambazaji wa bidhaa. Ukimuuliza mmoja wao rangi ipi inafaa ukuta unaopigwa na jua, atakuonyesha ya kampuni iliyomtuma, na kwa mujibu wa mkataba wake atakuwa amefanya kazi yake vizuri. Nguo ya kazi anayo, tabasamu analo, lakini ushauri wake umekwisha kununuliwa kabla hujaingia mlangoni.

Naomba nisieleweke vibaya kuhusu zamani. Duka la zamani lilikuwa na mizani ya wizi, lilikuwa na daftari la mkopo lililomfunga mtu maisha, na lilikuwa na dharau ya wazi kwa mteja wa rangi au kabila lisilopendwa na mwenye duka. Kuna wajuzi waliotumia ujuzi wao kumwibia asiyejua, nao waliokimbilia rafu zisizo na mtu walikuwa na haki ya kukimbia. Sidai turudishiwe mzee yule na tabia zake. Nadai ujuzi wake, uliowekwa mikononi mwa mtu anayewajibika.

Na hili linawezekana, kwa sababu tumeshalifanya. Mwaka 2003, mkoani Ruvuma, serikali ya Tanzania na washirika wake walianza kuyageuza maduka ya dawa baridi kuwa Maduka ya Dawa Muhimu. Hali ya maduka yale ilikuwa hiyohiyo ninayoieleza: wauzaji wasiofunzwa, dawa zisizosajiliwa, dozi za kubahatisha. Wangeweza kuyafunga, na wananchi wa vijijini wangebaki bila dawa. Wangeweza pia kusema soko limeamua. Walichofanya ni kumfundisha muuzaji, kumfundisha mwenye duka, kukagua jengo, kuweka orodha ya dawa zinazoruhusiwa, na kufunga kibali cha duka kwenye ujuzi wa anayesimama kaunta. Dawa zisizosajiliwa zilipungua sana kwenye rafu za Ruvuma, na mpango ukaenezwa mikoa yote ya Bara. Uganda na Liberia zikauiga.

Mpango huo una kasoro zake. Bado utamkuta muuzaji anayetoa nusu dozi ya antibayotiki kwa sababu mteja ameleta nusu ya pesa. Lakini hoja ya msingi imesimama: duka dogo la kijijini, lenye muuzaji ambaye hakwenda chuo kikuu, linaweza kubeba ujuzi wa kweli na kuendelea kupata faida. Aliyefunzwa anamweleza mama kwamba dawa ya mseto ya malaria inamezwa pamoja na chakula, hasa chenye mafuta, na kwamba dozi inaendelea mpaka siku ya tatu hata homa ikiwa imeshuka siku ya pili. Maneno hayo hayaongezi hata shilingi moja kwenye bei. Bila maneno hayo, dawa ileile inaweza isimponye mtoto.

Watakaonipinga mwisho ni wenye maduka. Watasema ukimfundisha kijana, kesho anafungua duka lake ng'ambo ya barabara. Ni kweli, hutokea. Hivyo ndivyo Kariakoo yenyewe, soko kuu la Dar es Salaam, ilivyokua: wengi wa wenye maduka pale walianza kama vijana wa dukani kwa mjomba au tajiri, wakajifunza, wakapewa mtaji au wakajiwekea, wakaondoka. Aliyewafundisha hakufilisika kwa sababu hiyo. Mtaa wenye wajuzi kumi huvuta wateja wa mkoa mzima, ndiyo maana mtu wa Morogoro anapanda basi kufuata kipuri Gerezani, jirani na Kariakoo. Linganisha hasara hizo mbili: kijana aliyefunzwa akaondoka, na kijana asiyefunzwa akabaki, kila siku akimpa mteja mmoja sababu ya kutorudi.

Kinachotakiwa kinajulikana. Leseni ya biashara humuuliza mwombaji namba ya mlipakodi na mkataba wa pango. Kwa maduka ya nyaya, gesi na saruji, imuulize pia nani atasimama kaunta na amejifunza wapi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania, inafundisha ufundi umeme, bomba na uashi katika mikoa mingi. Iweke kozi fupi ya muuzaji wa vifaa hivyo, ya jioni, ya wiki chache, kwa lugha yetu. Mwenye duka aandike jina la muuzaji kwenye risiti, ampe ruhusa ya kumwambia mteja "hiki hakikufai", na asimkate mshahara kwa mauzo aliyoyazuia kwa haki.

Na wewe mnunuzi una sehemu yako. Usimweke mjuzi nusu saa akikueleza, kisha ukaenda kununua kwa jirani anayeuza shilingi mia tano pungufu bila kujua anauza nini. Ukifanya hivyo umekula jasho la mtu, na umelifundisha soko zima kwamba kujua hakulipi. Uliza maswali kwa sauti. Ukikuta anayeyajibu, nunua kwake, mtaje kwa watu, mpelekee fundi wako. Ukikuta asiyejua, mwambie mwenye duka kwa adabu kwamba umeondoka na pesa yako kwa sababu hiyo. Mwenye duka huyo akisikia hivyo kwa watu ishirini, atamtafutia kijana wake mwalimu.